Tufahamu Ndege Wetu: Chozi



Alhamisi iliyopita, saa ya mapumziko, nilikuta wadogo zetu wawili nyuma ya interna, manati mkononi. Chini walikuwa ndege watatu wamekufa: mmoja wa kijani cha kung'aa, mkia mrefu, na wawili wa rangi ya udongo. Nikauliza: «Mumewaua juu ya nini?» Mmoja akajibu: «Ule wa kijani ni juu ya manyoya, kapita. Hawa wengine ni vindege vya bule tu.» Kazi yangu ni kuandika majina, na niliandika. Lakini jibu lile lilinisumbua, sababu hata mimi zamani nilifikiri kwamba hao ni aina mbili.

Ni aina moja. Yule wa kijani ni dume, na wenye rangi ya udongo ni majike.

Mu Kiswahili cha vitabu ndege hawa wanaitwa chozi. Duniani ziko aina zaidi ya 140, kuanzia Afrika na Asia mpaka Australia. Mdomo wao ni mwembamba, umepinda kama mundu, na ulimi ni kama mrija wa kunyonyea maji matamu ya maua. Wanakula tena vidudu na buibui, zaidi wakati wa kulisha watoto, juu sukari peke yake haijengi mwili.

Huku kwetu, zaidi ya meta 2.000 juu, tunaona aina nyingi. Yuko huyo wa kijani, yuko mwenye kung'aa kama shaba, na mwenye manjano mabawani. Mu milima ya Itombwe yuko mwingine wa kifua chekundu, ambaye makao yake ni milima michache tu ya mashariki ya Congo. Mtaalamu Chapin alimtangaza mwaka 1932 kwa jina la Rockefeller, Mmarekani aliyekuja kutafuta ndege mu milima hii mu miaka ya 1928 na 1929. Sisi tunapita chini yake na mabidoni ya maji, hatuinui hata macho!

Sasa yule mdogo aliyetaka manyoya, nimwambie jambo. Ukisaga unyoya ule, kijani kinapotea. Ndani hamna rangi ya kijani hata kidogo. Ni mwanga unaogonga tabaka ndogo ndogo za unyoya na kurudi umegeuka, kama tunavyoona petroli juu ya maji ya mvua njiani. Tena dume wa kijani, wakati wa kuzaa ukiisha, anapukutisha mavazi yake na kubaki karibu sawa na jike. Basi hata katika hao wa udongo pengine utamwua dume bila kujua.

Dume ni mgomvi. Mwenye manjano mabawani anapenda yale majani marefu ambayo maua yake ya rangi ya machungwa yanazunguka shina kama mipira. Mu Kenya, wataalamu wawili, Gill na Wolf, walimchunguza na kutoa habari zake mwaka 1975. Waliona kwamba anachagua shamba la maua karibu 1.600, liwe dogo ao kubwa, na kufukuza kila anayeingia. Kufukuza kunakula nguvu mara tatu kuliko kutafuta chakula. Lakini maua yanayolindwa yanajaa sukari, kwa hiyo anakunywa upesi na saa nyingi anakaa tu kupumzika. Maua yakiwa mengi kila mahali, anaacha ugomvi, juu hauna faida.

Na jike je? Yeye ndiye anayejenga kiota, mfuko wa majani makavu na utando wa buibui, unaoning'inia ku tawi, mlango ubavuni. Anataga yai moja ao mawili, na anaatamia peke yake karibu wiki mbili. Dume haatamii. Rangi ile ya udongo inamficha pale mlangoni; angekuwa anang'aa, nyoka na mwewe wangemwona mara moja.

Ijumaa nilizunguka vichaka vya nyuma ya interna. Nilipata kiota kimoja, yai moja ndani, baridi. Nilirudi asubuhi na jioni siku mbili, hakuna aliyekuja.

Kiota kingine kiko mu kichaka karibu na jiko, na huko jike anaingia na kutoka. Salongo ya Jumamosi itapita pale. Nimekwisha kuomba wakubwa wa vikundi wasiguse kichaka kile na mapanga mpaka watoto waruke. Nimefunga kamba nyekundu ku tawi ili mkione.