Kipakatalishi: Jina la kampuni lisikupumbaze

MNUNUZI wa kipakatalishi jijini Nairobi huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: unataka HP, Dell ama Lenovo? Swali hilo halimfai sana. Tofauti kubwa haiko baina ya kampuni na kampuni, bali baina ya aina za mashine ambazo kampuni moja huunda. HP imeunda Pavilion kwa matumizi ya nyumbani na EliteBook kwa ofisi. Dell ilikuwa na Inspiron na Latitude, nayo Lenovo ina IdeaPad na ThinkPad. Nyingi za zile zinazouzwa nchini baada ya kutumika ng'ambo ni za ofisi, na ndizo zenye vifaa vidogo ambavyo muuzaji hajisumbui kukueleza.

Chukua mfano wa mtaa wa Hurlingham. Kandokando ya barabara ya Argwings Kodhek kuna hospitali, kliniki, ofisi ndogondogo na mikahawa ambayo wengine wameigeuza kuwa ofisi zao. Hapo mashine huandamwa na chai, kupotea kwa umeme na macho ya jirani.

ThinkPad nyingi zina trei chini ya kibodi pamoja na matundu yanayotoa maji upande wa chini kabla hayajafikia bodi kuu. Baadhi ya EliteBook zina mpango kama huo, na Latitude kadhaa zina kibodi inayostahimili kumwagikiwa. MacBook, licha ya uzuri wake, haina matundu ya aina hiyo. Kwa hivyo igeuze mashine dukani uitazame tumboni. Hata hivyo, kinga hii imekusudiwa kikombe kimoja tu, na chai ya maziwa yenye sukari huacha utandu unaonata hata baada ya kukauka. Zima mashine mara moja, chomoa chaja, igeuze kifudifudi, kisha umpelekee fundi.

Kuhusu umeme, wengi wanakumbuka Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipokaa gizani kwa saa nyingi. Hali hiyo ilirudi Novemba na Desemba mwaka uo huo. ThinkPad T480, iliyotoka mwaka wa 2018, ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje. Unaweza kuichomoa ile ya nje na kuweka nyingine iliyojaa huku kazi ikiendelea. Lenovo iliuacha mpango huo katika T490 mwaka uliofuata ili mashine iwe nyembamba, uamuzi ambao kwa mwananchi wa Nairobi hauna maana yoyote.

Kagua pia iwapo mashine inapokea chaji kupitia tundu la USB-C. Chaja moja ya aina hiyo yenye nguvu ya kutosha, mathalan wati 65, huweza kuhudumia Dell, HP, Lenovo na hata MacBook nyingi za miaka ya karibuni. Apple nayo ina chaja ya sumaku iliyozinduliwa mwaka wa 2006, ikaachwa kuanzia 2016 na kurejeshwa 2021. Mhudumu wa mkahawa akijikwaa kwenye waya, chaja huchomoka na mashine hubaki mezani.

Suala la macho ya watu ni zito zaidi kwa kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, ilhali mara nyingi skrini ya karani huonekana na kila aliyepanga foleni. Mwaka wa 2016 HP ilianza kuweka katika baadhi ya EliteBook skrini ambayo, kwa kubonyeza kitufe, humfifilia anayechungulia kutoka ubavuni. Si EliteBook zote zilizo nayo, hivyo ijaribu kabla ya kulipa. Nacho kifuniko cha kamera kilianza kuonekana kwenye ThinkPad kadhaa mwaka wa 2018.

Mashine iliyotoka Uingereza ina faida moja isiyotajwa: plagi yake huingia moja kwa moja katika soketi zetu, tofauti na ile ya Marekani. Lakini kibodi yake hubadilishana nafasi za alama ya @ na ile ya kunukuu, jambo linalomkera aliyezoea kibodi ya Kimarekani.

Mwisho, uliza kizazi cha prosesa. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 bila malipo Oktoba 14, 2025, nayo Windows 11 rasmi huhitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache. Muuzaji akisema ni "i5", hajajibu swali. Ikiwa ni i5-7300U, tarakimu 7 ndiyo kizazi chake. Ikiwa ni i5-8350U, ni cha nane. Iwashe mbele yake uisome namba hiyo mwenyewe, kisha uizime na kuingia kwenye mipangilio ya awali ya mashine. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, mrudishie.