Studio Uliyoipenda Ikikuvunja Moyo

Leo tunaongelea gemu za video. Najua unajiuliza, gemu zinafanya nini kwenye jarida la afya? Usifunge ukurasa kwanza. Kuna studio moja ya gemu iliyopendwa na vijana wa nchi nyingi mpaka wakaiona kama mali yao, halafu ikawavunja moyo. Mashabiki waliumia. Na wale waliokuwa wanazitengeneza hizo gemu nao waliumia, wengine mpaka daktari akawaandikia likizo.

Studio yenyewe inaitwa BioWare, iko mji wa Edmonton, Kanada. Ilianzishwa mwaka 1995 na madaktari watatu vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Alberta: Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip. Kabla ya gemu walitengeneza programu za kompyuta za kuwafundishia wanafunzi wa udaktari, mojawapo ikihusu magonjwa ya tumbo. Yaani mtu anatoka kwenye matumbo ya wagonjwa anaingia kwenye mapanga na uchawi! Mwaka 1998 wakatoa Baldur's Gate, na jina likapanda.

Kwa nini watu waliwapenda kiasi hicho? Kwenye gemu nyingi kazi yako ni kupiga na kukimbia. Kwenye gemu za BioWare unaongea na watu na unaamua mambo, na maamuzi yako hayafutiki. Chukua Mass Effect. Wewe ni kamanda Shepard, mwanamume au mwanamke, ni juu yako, una chombo cha angani na wenzako ndani yake. Ukimwacha mmoja afe kwenye gemu ya kwanza ya mwaka 2007, hutamkuta kwenye ya pili ya 2010 wala ya tatu ya 2012. Kompyuta inatunza kumbukumbu. Miaka mitano mtu anabeba maamuzi yake mwenyewe.

Mimi nilichelewa. Nilizicheza nikiwa chuo, zilipotolewa upya zote tatu kwa pamoja mwaka 2021, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa bwenini. Kuna usiku alikufa mhusika niliyempenda, nikalia, asubuhi nikaingia kwenye mtihani macho mekundu kama pilipili. Kwa hiyo sizungumzi kwa kuwacheka mashabiki.

Sasa kasheshe likaanza Machi 2012. Kabla ya gemu ya tatu kutoka, kiongozi wa mradi alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba mwisho wake hautakuwa wa kuchagua A, B au C. Watu walipofika mwisho wakakuta njia tatu, na picha za kufungia hadithi zilifanana karibu kila kitu isipokuwa rangi: nyekundu, bluu na kijani. Yale maamuzi ya miaka mitano yalionekana kama hayakuhesabiwa.

Je, ni utoto kuhuzunika kwa ajili ya gemu? Hapana. Huzuni inafuata kile ulichowekeza, na hawa waliwekeza muda, mawazo na matumaini yao. Hasira nayo si ugonjwa. Swali ni unaipeleka wapi, na hapa mashabiki waligawanyika.

Wapo waliofanya jambo la kupendeza. Walichanga fedha kwa jina la malalamiko yao, wakazipeleka kwa Child's Play, shirika linalowapatia watoto walioko hospitali vitu vya kuchezea. Zilipatikana zaidi ya dola 80,000. Wengine wakaipelekea studio keki ndogo 400 zenye urembo wa rangi tatu, nyekundu, bluu na kijani, zote zikiwa na ladha ileile ya vanila! Ujumbe ulifika bila mtu kutukanwa. Juni mwaka huohuo studio ikatoa bure nyongeza ya kuurefusha na kuueleza ule mwisho. Haikumridhisha kila mtu, lakini walisikilizwa.

Na wapo waliofanya unyama. Mwaka 2012 mwandishi mmoja wa hadithi pale BioWare, mwanamke, alishambuliwa kwa matusi na vitisho, hata watoto wake wakatishiwa. Mwaka 2017 ilipotoka Mass Effect: Andromeda, watu waliudhika kwa jinsi nyuso za wahusika zilivyokuwa zinachezacheza ovyo. Wakatafuta wa kumlaumu, wakamvamia kwa maneno machafu mwanamke mmoja ambaye studio ilibidi itoe tamko kueleza kwamba hakuwa yeye aliyeongoza kazi ile. Angalia hapo: hata kama angekuwa yeye, ndiyo atukanwe hivyo?

Huku nyuma studio yenyewe ilikuwa imebadilika. Kampuni kubwa ya Marekani, Electronic Arts, ilikuwa imeinunua, na ununuzi ulikamilika mwaka 2008. Muzyka na Zeschuk waliondoka 2012. Yip alisharudi zamani kwenye udaktari wake. Wengine wakaondoka mmoja mmoja. Ni kama bendi: wapigaji wamehama, mtunzi hayupo, lakini jina limebaki kwenye bango, nawe unalipa kiingilio ukitegemea kusikia sauti ileile.

Kisha kuna suala la vifaa. Gemu hujengwa juu ya programu ya msingi. BioWare ikaanza kutumia ile ya EA iitwayo Frostbite, iliyotengenezwa na studio ya Sweden kwa ajili ya gemu za vita vya bunduki. Hata kitu cha kawaida kama mfuko wa mhusika wa kuwekea vitu ilibidi wakitengeneze wenyewe. Pamoja na shida hizo Dragon Age: Inquisition ya 2014 ilichaguliwa gemu bora ya mwaka kwenye tuzo za The Game Awards. Ushindi huo uliwaficha ugonjwa, maana ulikuja baada ya watu kufanya kazi mpaka kuchakaa.

Ndani ya studio kulikuwa na imani kwamba hata mambo yakivurugika namna gani, mwishoni yatajipa. Unaifahamu hiyo, kama umewahi kuacha vitabu muhula mzima ukitegemea kukesha wiki ya mwisho. Mara moja utafaulu. Mara ya tatu mwili unakataa.

Aprili 2019, wiki chache baada ya gemu yao iitwayo Anthem kutoka na kupokelewa vibaya, mwandishi wa habari Jason Schreier aliandika taarifa baada ya kuzungumza na watu 19 walioifanyia kazi au waliokuwa karibu nayo. Ilionekana kwamba gemu hiyo ilikaa miaka mingi bila uamuzi wa maana, halafu sehemu kubwa ikajengwa mbiombio mwishoni. Wafanyakazi walieleza kuhusu kujifungia chumbani na kulia, na wenzao waliopotea kazini wiki au miezi kwa amri ya daktari, kwa sababu ya msongo wa mawazo.

Mwezi uliofuata, Mei 2019, Shirika la Afya Duniani lilifafanua hali hii ya kuchoshwa na kazi. Halikuiita ugonjwa, bali hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, kuichukia au kujitenga na kazi uliyokuwa unaipenda, na kazi kutokwenda vizuri kama zamani. Isome tena hiyo ya tatu. Mtu aliyechoka hivyo hawezi kukutungia hadithi nzuri, hata umtukane vipi.

Mashabiki waliahidiwa kwamba Anthem itajengwa upya. Februari 2021 mpango huo ukafutwa. Mwaka 2025 EA ikatangaza kwamba seva zake zingezimwa tarehe 12 Januari 2026, na bila seva gemu hiyo haichezeki, hata uliyeinunua. Dragon Age: The Veilguard ya Oktoba 2024 nayo EA ilisema ilipata wachezaji kama nusu tu ya waliotarajiwa, na Januari 2025 studio ikapunguza watu tena.

Waliobaki walipewa kazi ya Mass Effect mpya. Tarehe 7 Novemba mashabiki huiita siku ya N7, kutokana na alama iliyo kifuani pa Shepard. Mimi huwa nasema mwaka huu siangalii kama kuna habari. Halafu naangalia.