Nani wa Kwanza, Masasi au Newala?

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, swali la kwanza linalosikika sokoni Masasi na stendi ya Newala si kwamba watoto wetu wamejua nini, bali ni nani kampita nani. Ndugu zetu wa Masasi huwauliza wale wa mlimani, na wale wa mlimani hujibu kwa kijembe chao, kama ilivyo desturi ya majirani waliozoeana. Sisi hatuoni ubaya katika mchuano huo. Jambo linalotutia shaka ni kipimo kinachotumika kuuamua, na hasara inayowapata watoto ambao hawana habari kuwa wamo katika mashindano.

Shule hizi zinazopangwa kwenye orodha ndizo hizo hizo zinazokutana viwanjani. Kila msimu wa michezo ya shule, vijana wa Masasi na wa Newala hupambana katika soka, netiboli, riadha na mpira wa wavu, kisha walio bora kati yao huchaguliwa na kuvaa jezi moja ya Mkoa wa Mtwara. Yafaa tukumbushane kwamba umoja wa michezo wa shule za msingi, tunaouita UMITASHUMTA, una neno "taaluma" ndani ya jina lake: ni Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania. Waliouita hivyo hawakukusudia kutenganisha kiwanja na darasa. Mtwara inaufahamu umoja huo kwa karibu, kwani mashindano ya taifa yalifanyika hapa mwaka 2019, na tena mwaka 2021.

Ni kweli kwamba wapo walioona vitu hivyo viwili ni maadui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai alipokuwa Waziri wa Elimu, mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Baadaye yalirejeshwa. Hatukupata kuona ushahidi kwamba katika miaka ile ya ukimya wa viwanja watoto wetu walipata hesabu nyingi zaidi.

Huko Marekani jambo hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Vyuo vikuu vinane vya kale, vikiwamo Harvard, Yale, Princeton na Columbia, vinajulikana duniani kote kwa jina la Ivy League, na msikiaji hudhani kwamba hicho ni cheo cha usomi. La hasha. Ni umoja wa michezo, uliotokana na makubaliano juu ya mpira wao wa miguu mwaka 1945 na kukamilishwa mwaka 1954 kwa michezo yote. Jina la ligi likageuka kuwa sifa ya elimu. Tangu mwaka 1983 jarida la U.S. News limekuwa likivipanga vyuo vya nchi hiyo kwa namba, na hata hao wakubwa wanane wakaingia katika kugombea nafasi. Mwaka 2022 profesa mmoja wa hisabati wa Columbia, Michael Thaddeus, alizichunguza takwimu ambazo chuo chake chenyewe kilikuwa kimeziwasilisha, akaonyesha kuwa nyingi hazikuwa sahihi. Columbia iliyokuwa ya pili ikaporomoka hadi nafasi ya 18. Ikiwa chuo tajiri namna ile kinaweza kuvutwa na tamaa ya namba hata kikapotosha hesabu zake, tusishangae yakitokea kwa mwalimu mkuu wa shule ya kata ambaye cheo chake kinategemea orodha ya wilaya.

Hapa kwetu orodha hizo zimetokana na kazi ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya nchi yetu kujitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971. Kwa miaka mingi Baraza lilipotangaza matokeo lilitaja shule kumi za kwanza na kumi za mwisho, na zile za mwisho zilibaki midomoni mwa watu mwaka mzima. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, Baraza liliacha desturi hiyo. Kaimu Katibu Mtendaji wake wa wakati huo, Athumani Amasi, alieleza kwamba kuzitangaza shule bora hakuna tija, kwa kuwa shule hazimo katika mazingira yanayofanana. Tuliuunga mkono uamuzi huo, na tunauunga mkono hata leo. Lakini desturi haifi kwa tangazo. Matokeo ya kila shule yamo hadharani, kalamu na karatasi havikosekani, na orodha ambayo Baraza limekataa kuitunga hutungwa na watu wenyewe.

Basi na tuitazame orodha hiyo ya nyumbani kwa makini. Masasi inajivunia Ndanda, Chidya na Ndwika. Ni majina makubwa. Wamisionari wa UMCA waliingia Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, wakiwa pamoja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, na shule za Chidya na Ndwika ni matunda ya mizizi hiyo. Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Marehemu Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alipitia Ndanda kabla ya kwenda Pugu na hatimaye Makerere. Hakuna wa kuzinyima shule hizo heshima yake.

Walakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule za misheni kuwa mali ya taifa, na shule ya taifa haichukui watoto wa kijiji cha jirani tu. Ndanda hupokea vijana wa Kidato cha Tano kutoka mikoa mbalimbali, waliokwisha kuchujwa kwa mtihani. Kijana wa Kagera au wa Kilimanjaro akifaulu vizuri Ndanda, ushindi huo umetokana na juhudi zake, na za walimu wake wa sasa, na za wale waliomfundisha huko alikotoka. Kuuandika wote katika daftari la Masasi dhidi ya Newala ni sawa na kuhesabu magoli ya mchezaji wa kuazima.

Upande wa pili zipo shule za kata, zile zilizoenea kwa kasi kuanzia mwaka 2004 kwa nguvu za wananchi na mpango wa Serikali wa maendeleo ya elimu ya sekondari. Wengi wa wanafunzi wake ni wa kutwa. Baadhi hupanga vyumba karibu na shule, wakajipikia na kujilinda wenyewe wangali watoto. Mlimani Newala kuna jambo jingine ambalo mgeni hulifahamu siku ya kwanza tu: maji. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito, na maji ya bomba hupandishwa kwa mashine kutoka chanzo cha Mitema bondeni. Mashine zikisimama, ndoo huingia katika ratiba ya masomo, na mara nyingi ndoo hiyo hubebwa na msichana. Kisha huja korosho. Mtihani wa Darasa la Saba huangukia Septemba, ule wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na katikati yake korosho zinadondoka na kila mkono wa nyumbani unahitajika shambani. Mzazi anayemwita mwanawe shambani siku mbili si adui wa elimu, maana mara nyingi sare na daftari za mtoto huyo hutoka katika gunia hilo hilo.

Mkimbiaji hukaguliwa mstari wa kuanzia kabla filimbi haijapulizwa, na mtoto wa miaka kumi na miwili hashindanishwi na wa miaka kumi na minane. Orodha ya mitihani huonyesha utepe wa mwisho tu. Nani alianzia wapi, nani alikimbia na ndoo kichwani, haisemi.

Tungeishia hapo kama madhara yangekuwa ni aibu peke yake. Yapo mazito zaidi. Mwaka 2013, baada ya matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 ambamo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri na taifa zima likashtuka, Serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Chini ya mpango huo shule zilipangwa hadharani kwa nafasi, kitaifa na ndani ya wilaya, na kupewa rangi: kijani, njano na nyekundu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia shule za msingi na kuchapisha waliyoyaona mwaka 2021. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu. Hilo ni jema, na si haki kulificha. Lakini waliona pia kwamba katika shule hizo watoto wa darasa la mwisho walipungua kabla ya siku ya mtihani. Shule zilikuwa zikiwaacha pembeni wale ambao wangeshusha wastani.

Katika michezo tuna neno la kumwita mchezaji aliyeingizwa kwa hila ili timu ishinde: mamluki. Timu yenye mamluki hukatiwa rufaa na kunyang'anywa pointi. Shule inayomshawishi mtoto dhaifu asihudhurie mtihani imefanya hila ya namna hiyo hiyo kwa njia ya kinyume, kwani imemtoa mchezaji aliye wake. Kwake yeye hakuna rufaa. Mtoto huyo hatajwi katika orodha yoyote, wala ya waliofaulu wala ya walioshindwa, na wazazi wake huambiwa kwamba kichwa chake hakikuumbwa kwa masomo. Tunawafahamu watoto wa namna hiyo. Wamo mikorosheni na katika vibanda vya barabarani, na baadhi yao walikuwa wepesi wa kufikiri kuliko walimu walivyodhani.

Wapo watakaosema kwamba tunatetea uzembe. Watasema mzazi ana haki ya kujua shule anayompeleka mwanawe inafundisha au hailei chochote. Tunakubaliana nao kabisa. Laiti matokeo ya mwaka 2012 yangefungiwa kabatini, nchi isingejua jinsi hali ilivyokuwa mbaya. Serikali hupeleka shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa kila wa sekondari, na fedha hizo ni za wananchi. Wana haki ya kuuliza zimezaa nini. Wapo pia walimu wanaokosa vipindi, na hao wasijifiche nyuma ya ukosefu wa maji. Tunachokataa sisi ni hesabu iliyokatwa nusu.

Kwa maoni yetu, halmashauri za Masasi na Newala zinaweza kuikamilisha hesabu hiyo bila kusubiri amri kutoka Dodoma. Shule ya kata ya kutwa ilinganishwe na shule ya kata ya kutwa, na ya bweni na ya bweni. Wanafunzi wa Kidato cha Nne watazamwe pamoja na alama walizozipata wao wenyewe katika mtihani wa Kidato cha Pili, ili ionekane ni shule ipi iliyowachukua wakiwa chini ikawainua, na ni ipi iliyowapokea wakiwa juu ikawaacha palepale. Uingereza ilianza kupima shule zake za sekondari kwa namna inayokaribiana na hiyo mwaka 2016, lakini hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Takwimu zote zimo katika makabati yetu.

Na mwalimu wa hisabati ambaye shule yake imeonekana kuinua watoto, badala ya kupewa cheti na kupigwa picha, apewe nauli ya kwenda kukaa wiki mbili katika shule iliyobaki nyuma, ikiwa ni Masasi kupanda Newala au Newala kushuka Masasi. Kocha wa timu ya mkoa hufanya hivyo kila mwaka: anawafundisha vijana waliomfunga juma lililopita, wala hakuna anayemshangaa.

La mwisho ni dogo na halina gharama. Kila mkuu wa shule ana daftari la usajili. Shule ikibandika matokeo, juu ya idadi ya waliofanya mtihani iandikwe idadi ya walioandikishwa Kidato cha Kwanza miaka minne kabla yake, na kando ya kila aliyepungua ielezwe kama alihama, aliugua, alipata mimba, au aliacha tu bila mtu kumfuata nyumbani.