Kuitazama Damu kwa Kuisikiliza

Wakati wa masika, watoto wa chuoni kwetu hapa Nyangamara hutuuliza kwa nini radi humulika kwanza, ngurumo ikafuata nyuma. Twawajibu kwamba nuru huenda mbio kupita sauti, na kwamba hewa iliyochomwa na radi hutanuka ghafla, ndipo ikanguruma. Basi, ndugu msomaji, mfano wa radi hiyo, tena ndogo mno isiyodhuru, wataalamu wameutia ndani ya mwili wa mwanadamu, wakapata kuiona mishipa ya damu pasipo kuchanja ngozi.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1880 Bwana Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitambua kuwa kitu kikimulikwa kwa mwanga wa kukatikakatika hutoa sauti. Siku hizi hutumiwa mmweko mfupi sana wa leza. Damu huumeza mwanga, hupata joto kidogo, hutanuka, na hutoa mlio usiosikika kwa masikio yetu. Vipokezi vya juu ya ngozi, mfano wa vile vya ultrasaundi wanavyopimwa mama waja wazito, huunasa mlio huo, na kompyuta ikachora picha. Hata damu yenye oksijeni nyingi hupambanuliwa na iliyopungukiwa, kwani kila moja ina rangi ya mwanga iipendayo.

Taabu ilikuwa kukawia. Mtu hupumua, moyo hupiga, na picha ya nukta kwa nukta huharibika kama ya mtoto asiyetulia mbele ya kamera. Dawa yake ni vipokezi vingi, vimezunguka duara, vyote vikisikiliza pamoja. Mwaka 2018 Bwana Lihong Wang na wenzake wa California walieleza jinsi walivyopiga picha ya titi zima kwa sekunde 15, mgonjwa amezuia pumzi mara moja tu.

Lakini sisi watu weusi tuna swali letu, wala si la kuonea haya. Weusi wa ngozi nao humeza mwanga. Hutoa mlio wake juujuu ukaufunika ule wa mshipa, na nuru ifikayo chini hupungua. Mashine iliyojaribiwa juu ya ngozi nyeupe tu yaweza kutusoma vibaya, tena upesi. Bibi Muyinatu Bell wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzake walionyesha mwaka 2023 njia ya kuzichuja sauti hizo, mshipa wa mkono ukaonekana vizuri zaidi hata kwa wenye ngozi nyeusi. Kazi haijaisha. Twawaomba vijana wetu wasomao sayansi waliandame jambo hili, kwani ngozi ya kujaribia wanayo.