Giemsa ya asubuhi haifae mangaribi

Ndugu wadogo munaoanza staji mu labo, niwaelezee kosa yangu moja. Nilichanganya Giemsa asubuhi na maji ya robine, mangaribi nikaitumia tena. Damu ya mtoto mmoja nikaisoma negatifu. Akalala usiku mzima bila dawa. Kesho yake, na rangi mpya, kumbe vimelea vya malaria tele!

Giemsa ikisha kuchanganywa haikawie. Tengeneza tu ya kazi iliyo mbele yako, na bufa ya pH 7,2. Ya 10%, acha dakika 10 mpaka 15. Metanoli ni ya damu iliyotandazwa nyembamba. Ikigusa tone nene, seli nyekundu hazipasuke, hautasoma kitu. Na ile chupa kubwa? Usiingize pipeti yenye maji, hata kidogo.