Farasi wa telki milima ya Usambara: Raha ya mpandaji isifiche uchovu wa farasi

Kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni kilomita kama 6 tu. Kwa anayeanza safari ndefu za farasi, njia hiyo kwenda na kurudi inatosha kabisa kwa wiki za mwanzo. Tena kwa kutembea, siyo kukimbia.

Mchezo huu si zile mbio za uwanjani za dakika mbili. Kwenye mashindano ya kimataifa farasi anaweza kwenda hadi kilomita 160 kwa siku moja, na njiani kuna vituo ambako daktari wa mifugo humpima. Moyo usiposhuka hadi mapigo 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, safari inaishia hapo, hata kama alikuwa anaongoza.

Sasa, kwa nini farasi wa telki? Telki ni lile neno la pwani la mwendo wa haraka wa punda, wa hatua fupifupi. Wapo farasi wanaozaliwa na mwendo wa namna hiyo: Tennessee Walking Horse wa Marekani, farasi wa Iceland, hata baadhi ya farasi wadogo wa milima ya Lesotho. Farasi wa kawaida akiongeza mwendo humrusharusha mtu. Huyu hukanyaga mguu mmoja mmoja, na mpandaji anakaa tuli saa nyingi bila mgongo kuuma.

Hapo ndipo mtego ulipo. Aliyekaa raha hasikii mnyama anavyochoka, na farasi mtiifu huendelea tu. Maji na chumvi vinaisha kwa jasho, mwili unashindwa kupoa, na anaweza kufa, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kufika. Dalili moja ya mapema ni telki yenyewe kuvurugika: hatua zinapoteza mpangilio, anaanza kujikwaa. Basi mpandaji ashuke.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni moyo. Chombo cha daktari cha kusikilizia mapigo huwekwa upande wa kushoto, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Mapigo yanahesabiwa sekunde 15 kwa saa ya simu, kisha yanazidishwa kwa 4 (lile “du-dup” ni pigo moja, wengi hukosea hapo). Akiwa amepumzika huwa kati ya 28 na 44. Dakika 15 baada ya mazoezi bado yuko juu ya 64? Safari ilimzidi.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto hupanda karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 33 hivi, na ina magari. Siyo ya kuanzia. Kwenye mteremko mkali mpandaji hushuka akamwongoza kwa miguu, hasa masika udongo unapoteleza.

Kuna hatari nyingine huko chini tambarare: mbung'o, wanaoeneza nagana, ugonjwa usio na chanjo. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, unaweza kuua ndani ya siku chache, ila huo una chanjo. Daktari wa mifugo aonwe kabla ya kununua tandiko.

Baada ya hapo ni miezi ya mwendo wa polepole hadi kilomita 40 za kwanza, kwa farasi wa miaka 5 na kuendelea. Misuli na mapafu huimarika mapema. Mifupa na kano huchelewa, na mara nyingi ndiko farasi wa watu wenye haraka wanakoumia.