Philip Boit: Mukenya aliyefika wa mwisho, bingwa akamungojea

Hapa Kamina, theluji watu wanaionaga kwenye televizio tu. Philip Boit naye alikuwa vile. Alizaliwa mwaka wa 1971 upande wa Eldoret, Kenya, na alikuwa mukimbiaji wa mita 800, sawa jamaa yake Mike Boit, aliyepata medali ya shaba Munich mwaka wa 1972.

Mwaka wa 1996 kampuni ya Nike ilimulipia kwenda Ufini kujifunza ski, ni kusema kuteleza juu ya theluji na mbao mbili ndefu miguuni. Ni kule aliona theluji mara ya kwanza.

Februari 1998, kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, alishindana kilometa 10. Alifika wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norwei.

Kwa nini mukimbiaji mukali akabakia nyuma hivyo? Ski haitaki miguu peke yake: mikono inasukuma na fimbo, na Wanorwei wanaanzaga wangali watoto. Boit alikuwa amejifunza miaka miwili tu.

Lakini Dæhlie alikataa kwenda kupewa medali mbele Boit afike. Alimungojea, akamukumbatia. Boit akamupa mutoto wake jina la Dæhlie, na yeye mwenyewe akarudia Olimpiki mwaka wa 2002 na 2006.